Sura ya Nne: Makaburi ya Elmenteita

Galbraith Cole alizikwa mwaka 1929 katika ardhi yake ya Kekopey, juu ya Ziwa Elmenteita. Novemba 1931 shemeji yake Hugh Cholmondeley, ambaye Wakenya humjua zaidi kwa cheo chake, Lord Delamere, alizikwa Soysambu, upande wa pili wa ziwa hilohilo. Wazungu wengi wa koloni hawakuzikwa hivyo. Makarani wa reli, madaktari, maafisa wa wilaya na wake zao walilazwa katika makaburi ya mji, Nairobi au Nakuru, ama kwenye viwanja vya makanisa kama St Paul's ya Kiambu, ambako Earl wa Erroll, aliyeuawa Januari 1941, amelala kando ya mkewe. Makaburi ya mji ni ya watu waliofia ugenini au kazini. Aliyezikwa katikati ya shamba lake ameacha kauli kuhusu shamba hilo, na kauli hiyo ndiyo ninayotaka kuichunguza hapa. Nadai kwamba kaburi la mlowezi lililo shambani ni aina ya hati ya ardhi. Kwa miaka mingi tumelisoma kwa huruma au kwa hasira, wala hatukulifanyia kile ambacho msajili wa ardhi hukifanya kwa hati yoyote anayoletewa: kuuliza imetolewa na nani, lini, na kabla yake pale palikuwa na nani.

Tuanze na ukoo wenyewe. Galbraith Cole, aliyezaliwa 1881, alikuwa mtoto wa Earl wa nne wa Enniskillen, mwenye jumba la Florence Court katika jimbo la Fermanagh, kaskazini mwa Ireland. Dada yake Florence aliolewa na Delamere mwaka 1899, akafa 1914. Ndugu yao Berkeley alilowea Naro Moru, akafa 1925. Watu wanaosimulia habari za Wazungu wa Bonde la Ufa hupenda kuanzia hapo, kana kwamba familia hii iliibuka Ireland kama uyoga na kuja Afrika kutafuta hewa safi. Lakini akina Cole walikuwa walowezi hata huko Ireland. Babu yao, William Cole, aliingia Fermanagh mwanzoni mwa karne ya 17, wakati mfalme wa Uingereza alipowanyang'anya machifu wa Kiayalandi mashamba yao ya Ulster na kuyagawa kwa watu waaminifu kwake kutoka ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo vijana hao walipofika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Walitoka katika nyumba iliyokwisha kuonja, kwa miaka 300, jinsi ardhi ya kunyang'anya inavyogeuka kuwa ardhi ya urithi: unaijengea jumba, unaoana na majirani, unazika wazee wako hapo, na baada ya vizazi vitatu hakuna mwenye nguvu anayekuuliza tena.

Delamere alifika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1897, akitembea kutoka Somalia. Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Ardhi ile ilimtia hasara. Kondoo wake wa merino walikufa kwa wingi, kwa sababu nyasi zake zilipungukiwa na madini ambayo mifugo huhitaji, jambo ambalo Wamaasai walilijua na ndiyo maana wakaikwepa. Mzungu aliiona tupu akadhani haina mwenyewe, kumbe wenyewe walikuwa wameipima wakaiacha. Akahamishia nguvu zake Soysambu, penye malisho mazuri. Malisho hayo hayakuwa yameachwa na mtu. Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart aliwafanya kiongozi wa Wamaasai, Olonana, na wazee wenzake watie sahihi makubaliano ambayo kwayo Wamaasai waliondoka katika Bonde la Ufa, yaani Naivasha, Nakuru na Elmenteita, wakagawanywa mafungu mawili: wengine kusini mwa reli, wengine Laikipia. Waliahidiwa kwamba maeneo hayo mapya yangekuwa yao kwa muda wote ambao kabila lao lingekuwapo. Miaka saba haikupita kabla serikali haijaitaka Laikipia pia. Kati ya 1911 na 1913 watu zaidi ya 10,000, ng'ombe wapatao 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja waliswagwa kuelekea kusini. Safari ya kwanza ilikwama kwenye baridi na mvua za Mau, na waliofia njiani waliachwa njiani.

Hawa wa Mau hawakuwekewa jiwe, na hilo halikutokana na haraka ya safari peke yake. Kwa desturi ya Wamaasai wa zama hizo, maiti ya mtu wa kawaida haikufukiwa. Ilitolewa nje ya boma, ikalazwa nyikani na kuachiwa fisi. Waliozikwa ni laiboni, yaani viongozi wa ibada, na wazee wenye mali, ambao juu yao yalirundikwa mawe, na kila mpita njia aliongeza jiwe lake. Serikali ilikuwa na habari hizi. Zilichapishwa mwaka 1905 katika kitabu cha A. C. Hollis, afisa wa serikali hiyohiyo, ukiwa umepita mwaka mmoja tu tangu makubaliano ya Olonana. Sasa fikiria mgeni anayefika Elmenteita leo na kutafuta alama za waliowahi kuishi pale. Atayaona makaburi ya Wazungu wawili. Ya Wamaasai ataona chungu chache za mawe, ikiwa kuna wa kumwonyesha, naye asipoonyeshwa atazipita akidhani ni mawe tu. Ataondoka na picha ya nchi ambayo historia yake ilianza na msalaba wa kwanza. Picha hiyo ni ya uongo, lakini aliyemdanganya si mtu. Amedanganywa na tofauti ya desturi mbili za kuaga wafu, moja inayoandika juu ya jiwe na nyingine isiyoandika.

Tofauti hiyo isingekuwa na uzito kama makaburi yasingekuwa ushahidi wa ardhi nchini Kenya. Lakini ni ushahidi, na serikali ya kikoloni yenyewe ilisaidia kuyafanya hivyo. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na jaji Morris Carter ilikusanya ushahidi mwaka 1932 na 1933. Wakikuyu waliulizwa watathibitishaje kwamba mashamba ya kahawa ya Kiambu yalikuwa yao. Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu alijibu kwa vitendo: alifukua mifupa ya babu yake katika ardhi iliyokuwa mikononi mwa mlowezi, ili Tume ione kwa macho ni nani aliyetangulia kulala pale. Wakikuyu nao, kama Wamaasai, hawakuwa wakizika kila mtu. Kaburi lilikuwa heshima ya mzee mwenye mali na kizazi. Kwa hiyo mifupa ile ilikuwa na uzito zaidi, wala haukuwa upungufu kwamba ilikuwa michache. Hata hivyo, ripoti ya Tume ya 1934 haikuwarudishia Wakikuyu mashamba hayo. Ilipendekeza wafidiwe ardhi nyingine, na madai yao nje ya maeneo waliyotengewa yafutwe moja kwa moja. Mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu, maili za mraba zipatazo 16,700, iliwekwa kisheria mwaka 1939. Kaburi la babu wa chifu lilipimwa likaonekana jepesi. Makaburi ya Kekopey na Soysambu hayakufikishwa mbele ya tume yoyote yapimwe.

Mazoea ya kuhesabu kaburi kuwa ushahidi wa ardhi hayakwisha na ukoloni. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka amzike Upper Matasia, karibu na Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ukasema nyumba aliyoinunua mtu mjini au kando ya mji si kwao; kwao ni walikolala baba zake. Nchi nzima ilifuatilia kesi hiyo kwa miezi mitano, ukoo ukashinda, na Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kwa kipimo cha Umira Kager, Galbraith Cole angepaswa kurudishwa Fermanagh. Sisemi hivyo kwa kejeli tupu. Nasema kwa sababu Wakenya wale waliokubaliana na hukumu ya 1987, na walikuwa wengi, mara nyingi ndio haohao wanaolitazama kaburi la mlowezi na kusema kwa upole, basi, naye alipapenda hapa. Kipimo kimoja kinatumika kwa Mjaluo aliyenunua shamba Ngong kwa fedha zake, na kingine kwa mtoto wa Earl aliyepewa shamba na serikali yake.

Kuna pingamizi la zamani ambalo walowezi wenyewe walilipenda sana. Walisema Wamaasai nao ni wavamizi, waliwafukuza wengine katika Bonde la Ufa karne chache tu kabla ya Mzungu kufika, kwa hiyo hawana la kulalamikia. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, na ushahidi wake uko chini ya ardhi ileile. Miaka ya 1920, wakati akina Cole na Delamere wakiwa hai, Louis Leakey alikuwa akifukua mifupa ya watu wa kale katika eneo la Elmenteita, na utamaduni wao ukapewa jina la ziwa hilo. Mwaka 1938 Mary Leakey alichimba pango kando ya Mto Njoro, katika eneo lilelile ambako Delamere aliwazika kondoo wake wa merino, akakuta masalia ya watu wapatao 80 waliochomwa kwa heshima pamoja na vyombo vyao vya mawe, vibuyu na shanga, takriban miaka 3,000 iliyopita. Wafugaji walikuwa wakizika wafu wao hapo kabla Roma haijawa dola. Lakini tazama pingamizi hilo linampeleka wapi anayelitumia. Ikiwa kutangulia hakumpi mtu haki, basi kuchelewa hakumpi haki zaidi, na kaburi la 1931 ndilo lililochelewa kuliko yote. Isitoshe, Stewart asingehitaji sahihi ya Olonana mwaka 1904 kama angeamini kwamba Wamaasai hawakuwa na kitu cha kutoa. Mtu haombwi kuhama mahali ambapo si pake.

Mahakama ililiona tatizo hilo na kulikimbia kwa njia ya ajabu. Mwaka 1912 Wamaasai wa Laikipia, wakisukumwa na kiongozi wao Ole Gilisho, waliishtaki serikali kwa kuvunja makubaliano ya 1904. Hukumu ilitoka Mei 1913. Himaya ya Afrika Mashariki, mahakama ilisema, ilikuwa nchi ya kigeni mbele ya sheria ya Uingereza. Wamaasai hawakuwa raia wa mfalme. Na waliyotia sahihi yalikuwa mikataba kati ya mataifa, ambayo mahakama haina uwezo wa kuiamua. Rufaa ilitupwa Desemba mwaka huohuo. Hebu soma hukumu hiyo mara mbili, maana inastahili. Mmaasai, ambaye ng'ombe wa babu yake walinywa maji ya mabonde hayo, alikuwa mgeni mno kuweza kudai, na mtu wa Fermanagh alikuwa mwenyeji kiasi cha kumilikishwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1915, sheria mpya ya ardhi iliruhusu walowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 999. Watu waliopewa muda mrefu hivyo wana sababu ya kuchagua mahali pazuri pa kuzikwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nami silidharau. Linasema familia hizi zilijenga nchi. Delamere alipigana na kutu ya ngano kwa miaka mingi hadi zikapatikana mbegu zinazostahimili Njoro. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya Unga, ambayo jina lake liko jikoni mwa Wakenya hadi leo. Ushirika wa maziwa wa KCC, uliozaliwa 1925, ulitokana na wafugaji wa tabaka lake. Aliweka rehani urithi wake wa Uingereza ili kulipia majaribio hayo, na alipokufa aliacha madeni makubwa. Haya yote ni kweli na yaandikwe. Lakini kazi njema haigeuki kuwa hati miliki. Fundi aliyejenga ukuta mzuri katika kiwanja cha mtu hulipwa ujira wake, na kiwanja kinabaki cha mwenyewe. Tena sehemu kubwa ya ujuzi wa mifugo katika Soysambu ilitoka kwa wachungaji wa Kimaasai aliowaajiri Delamere. Aliwapenda na kuwasifu kuliko Waafrika wengine wote, huku akipigania kwa nguvu zake zote kwamba nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao. Upendo wake kwa Wamaasai haukuwa unafiki, naamini hivyo. Ulikuwa upendo wa mwenye shamba kwa watu wanaomwendeshea shamba.

Kuhusu Galbraith Cole kuna jambo ambalo jiwe lake halilisemi. Mwaka 1911 alimpiga risasi Mkikuyu mmoja aliyemshuku wizi wa kondoo, mtu yule akafa, naye hakutoa taarifa. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, lilimwachilia. London ikaona aibu hiyo imezidi, ikaamuru afukuzwe nchini. Baadaye akaruhusiwa kurudi, akaoa mwaka 1917, akaishi Kekopey akiteswa na ugonjwa wa viungo na macho hadi alipojiua mwaka 1929. Wanaoandika habari za walowezi huyataja mateso yake ya mwisho kwa machozi, na kesi ya 1911 kwa aya moja. Kwangu mizani hiyo imepinda. Hata hivyo sitafuata njia ya wale wanaoiunganisha kesi ile na zile za 2005 na 2006, ambapo kitukuu wa Delamere alishtakiwa kwa vifo vya watu wawili huko Soysambu, kesi ya kwanza ikaondolewa na ya pili ikaishia kwa hukumu ya kuua bila kukusudia mwaka 2009. Damu hairithi kosa. Kinachorithiwa ni ardhi, na ardhi ndiyo mada ya sura hii.

Kuna watakaosema: kama makaburi haya ni hati mbovu, basi yang'olewe. Naona hilo lingekuwa kosa. Sanamu ya Delamere iliyokuwa Nairobi iliondolewa wakati wa uhuru, barabara iliyokuwa na jina lake ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu yenyewe ikapelekwa Soysambu. Hilo lilikuwa sawa, maana sanamu ni sifa inayotolewa na umma katika ardhi ya umma. Kaburi lina mifupa ya mtu, na sheria na dini zetu zote zinalilinda. Zaidi ya hapo, hati mbovu haichanwi; huhifadhiwa kwenye faili ili kesi isomeke. Kule Kekopey mambo yamekwisha kubadilika bila kelele. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ranchi iliuzwa kwa ushirika, ikagawanywa kwa wakulima wadogo, na mahindi yakaota palipokuwa na kondoo. Nyani waliokuwa wakichunguzwa na wanasayansi pale walianza kuvamia mashamba hadi ikabidi wahamishiwe Laikipia mwaka 1984. Mwana wa Galbraith, aliyekulia Kenya, alirithi cheo cha Earl wa Enniskillen mwaka 1963, mwaka wa uhuru wetu, akaenda kuishi Florence Court. Kaburi limebaki kati ya watu ambao si ukoo wake, na mkulima wa Kekopey ana haki ya kujua aliyelala jirani yake alifikaje. Hata yeye aliinunua ardhi hiyo kwa mnyororo wa hati unaoanza 1904, na Mmaasai aweza kumuuliza maswali yaleyale. Soysambu ni hadithi nyingine: ekari zipatazo 48,000 bado ziko pamoja, sasa kama hifadhi ya wanyama, na ziwa limo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2011.

Agosti 2004, miaka 100 baada ya makubaliano, Wamaasai waliandamana wakidai kwamba mikataba ya miaka 99 imekwisha na ardhi irudi. Serikali ilijibu kwamba mikataba ilikuwa ya miaka 999, na huko Laikipia polisi wakampiga risasi mzee mmoja akafa. Katiba ya 2010 imepunguza muda wa mtu asiye raia kumiliki ardhi hadi miaka 99, na imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Tume hiyo haiwezi kufanya kazi yake vizuri ikiwa alama pekee zinazoonekana ardhini ni za upande mmoja. Hapo ndipo Makumbusho ya Taifa na Kaunti ya Nakuru wanapoweza kusaidia kwa gharama ndogo. Kariandusi, kituo cha zana za mawe za kale kinachosimamiwa na Makumbusho, kiko jirani kabisa na Elmenteita. Pawekwe pale makubaliano ya 1904 na hukumu ya 1913, kwa Kimaa, Kiswahili na Kiingereza, pamoja na maelezo ya jinsi Wamaasai walivyowaaga wafu wao na ya mifupa iliyofukuliwa Njoro na Elmenteita. Walimu wanaowapeleka wanafunzi kutazama zana hizo wawasomeshe maandishi hayo kwanza, kabla hawajawaonyesha kaburi la mtu yeyote. Kituo kiko karibu na barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, na hakuna mwenye ranchi anayehitaji kuombwa ruhusa.